Kwenye simu nampenda, stendi namkimbia

Swali: "Shikamoo dokta. Nina miaka 36, nauza vitenge Mwanjelwa, Mbeya. Niliachika mwaka juzi, sina mtoto. Dada yangu alifariki Oktoba iliyopita, na tulipoanua matanga nikaingia Badoo na kwenye kundi moja la WhatsApp la wanaotafuta wachumba. Shida yangu ni hii: nikianza kuchati na mtu, ndani ya siku tatu nne nimeshampenda, nimeshapanga mpaka majina ya watoto. Akisema anakuja tuonane, naanza kumchunguza. Wa Tunduma nilivuta picha yake mpaka ikawa vigae, nikaona mifupa ya shingo, nikambloku. Wa Mafinga, anafanya kazi kwenye mbao, alikohoa kwenye simu. Nikambloku Jumapili akiwa ameshakata tiketi. Wamefika kumi na mmoja tangu Januari. Nimepima VVU mara nne mwaka huu, zote safi, na tangu niachike sijalala na mtu. Huu ni umakini au nimeanza kuchanganyikiwa? Dada alikufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, kama hiyo inasaidia."

Marahaba, binti yangu. Mimi si daktari wa sindano, ni mshauri nasaha niliyezeekea kazini, lakini hilo jina nimelipokea. Nianze na unachotaka kukijua kwanza, usije ukasoma huku unatetemeka: hujachanganyikiwa. Ila na umakini nao si huo. Mtu makini hapimi mara nne kitu ambacho hajapata nafasi ya kukiokota.

Unazo hofu mbili, na kwa kuwa zilihamia kwako pamoja umezipa jina moja. Hofu ya kufa inakutuma kwa watu. Hofu ya ugonjwa inakufukuza kwao. Usiku ukichati, ile ya kwanza ndiyo inayoandika. Mwenzako akikata tiketi, ya pili inaipokonya ya kwanza simu.

Niiseme ya kwanza, kwa sababu hiyo watu hawaitambui kabisa, huiita upendo. Mimi ni mzaliwa wa Rungwe, na bibi yangu mzaa baba alipata mume msibani. Hakuona haya kulisema. Enzi zake msiba wa Kinyakyusa haukuwa wa kulia tu. Wazungu wawili, Godfrey Wilson na mkewe Monica, walikaa kwetu kati ya 1934 na 1938 wakaandika walichokiona: vijana wenye njuga miguuni na mikuki mikononi wakirukaruka juu ya udongo mbichi wa kaburi, wasichana wakipita katikati yao wakitikisa viuno. Wageni walishangaa. Bibi alishangaa kwamba wanashangaa. "Mtu amekufa," alikuwa akisema, "sasa nani atabaki?"

Siku hizi kaburi linafukiwa, kwaya inaimba, watu wanakula wali na kuondoka na Coaster. Mwili uliokuwa unataka kucheza unarudi nao nyumbani, na simu iko mkononi.

Watafiti watatu wa Israel, Hirschberger, Florian na Mikulincer, waliligusa jambo hili mwaka 2002. Waliokumbushwa kwamba watakufa walikuwa tayari zaidi kushusha vigezo vya mchumba kuliko wasiokumbushwa. Sitaki nikudanganye: majaribio ya namna hii ya kuwakumbusha watu kifo yamerudiwa baadaye kwenye maabara nyingi, na safari nyingine jibu halikuonekana kabisa, kwa hiyo siyachukui kama sheria ya Musa. Nayataja kwa kuwa yanafanana na ninachokiona kwenye kiti mbele yangu kila wiki. Na tarehe 29 Machi 2020, corona ikiwa imewafungia watu ndani nchi za wenzetu, watumiaji wa Tinder, programu ya kutafutana wapenzi, walitelezesha picha za watu zaidi ya mara bilioni 3 kwa siku moja, wingi ambao programu hiyo haikuwahi kuupata kabla ya siku hiyo. Wengine walikuwa wamechoka kukaa tu, sikatai. Lakini usiniambie wote.

Ndiyo maana mtu akija kwangu na malalamiko ya wachumba wa mtandaoni, kabla ya habari za mapenzi namuuliza: ulizika lini? Wewe umezika Oktoba, umeingia Badoo kabla udongo haujakaa sawa, na siku ya tatu ya kuchati una majina ya watoto. Hao watoto hawakutoka kwa yule mwanaume. Walitoka makaburini. Sisemi ni vibaya. Bibi yangu aliolewa hivyo na akazaa tisa. Nasema tu ujue ni nani anayeandika zile meseji za saa sita usiku.

Hapo penye haraka ndipo na matapeli wanapovulia. Utamkuta mgane, mhandisi wa mgodi huko Chunya, mke alifia kwenye uzazi, ana binti mmoja mpole anayehitaji mama. Kila neno limekatwa kwa kipimo cha mtu aliyefiwa. Akiomba hela kabla hamjaonana ana kwa ana, mwache na mgodi wake.

Sasa ile hofu ya pili. Mark Schaller wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, anaeleza kwamba mbali na kinga iliyo damuni, binadamu ana kinga nyingine ya macho, pua na tabia, inayomsogeza mbali na mgonjwa kabla hajaguswa. Ifikirie kama mbwa wa nyumbani. Mbwa mzuri anabweka kwa kila mtu, hata kwa mama anayeleta maziwa, kwa sababu kubweka bure mara ishirini ni nafuu kuliko kunyamaza mara moja mwizi akipita. Hajui mwizi anafananaje. Anajua tu kwamba huyu hamjui. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walikwenda kwenye mikusanyiko ya kutafutana ambapo watu wanahama meza hadi meza kwa dakika chache chache. Wale wenye kinyaa zaidi na vijidudu walikuwa na hamu ndogo zaidi ya kuonana tena na waliokutana nao, na hapakuwa na mgonjwa mezani.

Mbwa wetu sisi wa Nyanda za Juu Kusini amefundishwa na misiba, simlaumu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na kule waliuita Juliana, jina la nguo ya biashara ya mpakani. Kwetu ulituuma kando ya barabara kuu ya Zambia na kwenye kazi za mbali zilizowatenga waume na wake zao. Nilianza kazi Makete mwishoni mwa miaka ya tisini, kukiwa na nyumba ambamo bibi anawapikia wajukuu saba na wazazi wao wote wamelala nyuma ya nyumba. Posa ikija, shangazi hakuanza na ukoo. Alitazama nywele. Zikiwa zimelainika kama za mtoto mchanga na midomo imekuwa myekundu, posa inarudi ilikotoka.

Kisha dawa za bure zikaanza kuja mwaka 2004, watu wakanenepa, na shangazi akageuza darubini: sasa anayenenepa ghafla ndiye wa kuogopwa. Mojawapo ya dawa za mwanzo, stavudine, ilikuwa inabonyeza mashavu na kukondesha miguu, basi mashavu yakawa ndiyo cheti. Shirika la Afya Duniani lilishauri iachwe mwaka 2009, na dawa za leo hazimwandiki mtu usoni. Lakini wewe, mwaka huu, umevuta picha ya mtu wa Tunduma ukitafuta mifupa ya shingo. Hayo ni macho ya shangazi wa Makete, yamepewa simu janja.

Na picha haiwezi kukujibu. Tazama hesabu zenyewe. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta VVU kwa asilimia 4.4 ya Watanzania wa miaka 15 na kuendelea. Njombe ni 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Sikufichi, kwetu si pa kupuuza. Ila isome na upande wake wa pili: hapo Mbeya, kwenye watu wazima mia, tisini hawana. Halafu kuna namba ambayo watu hawaisomi. Kati ya Watanzania wanaoishi na virusi, takriban 17 katika kila 100 walikuwa hawajui kama wanavyo. Waliokuwa wanajua, karibu wote walikuwa kwenye dawa, na wengi mno kati yao virusi vilikuwa vimefubaa, yaani dawa imevipunguza sana mwilini.

Sasa fungua orodha ya uliowafungia, uniambie nani angeweza kukuambukiza. Anayekuandikia wiki ya kwanza "dada, mimi natumia dawa" amejimaliza sokoni, na kumbe kitabibu ndiye unayejua umesimama wapi naye. Utafiti wa Ulaya uliochapishwa mwaka 2016 ulifuatilia jozi 888 za wapenzi, mmoja ana virusi vilivyofubazwa na dawa, mwenzake hana. Walikutana kimwili bila kondomu takriban mara 58,000. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa na mwenza wake. Wa kuogopwa, kama ni lazima umwogope mtu, ni yule mwenye mashavu mazuri anayekuambia "mimi mzima, si unaniona?" Naye hadanganyi. Hajui.

Yupo baba mmoja wa upande wa Iringa ambaye amenikubalia nimseme bila kumtaja. Mke wake alitangulia, yeye yuko kwenye dawa miaka mingi, na kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu. Zamani aliwaambia wanawake mapema. Wa kwanza akamfungia. Wa pili akamfungia na kuisambaza picha yake kwenye kundi ikiwa na maneno "huyu kakanyaga miwaya, jihadharini". Wa tatu hakumwambia. Aliishi naye miezi minne akimeza vidonge vyake kwenye choo cha nje, kichupa amekitia ndani ya soksi ili visisikike vikichezacheza mfukoni. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inamtaka amwambie mwenza wake, nami nilimweleza hivyo bila kupepesa, na mwishowe alisema. Yule mama alilia siku mbili, si kwa virusi, kwa ile soksi. Lakini mimi kila nikiifikiria najiuliza ni akina nani waliomfundisha mtu mzima kuficha dawa kwenye soksi, na naona vidole vya wengi, vyako vikiwemo.

Kwa hiyo siupendi ule mstari unaojaa kwenye matangazo yetu: "awe na hofu ya Mungu, awe tayari kupima." Hofu ya Mungu sina neno nayo. Kupima ndiko kulikogeuka pambo, kama "mrefu wa wastani". Watu wanaandika, halafu wanatumiana picha ya kipimo chenye mstari mmoja. Picha ile haina jina wala tarehe. Ingeweza kuwa ya kaka yake, ingeweza kuwa imetembea makundi hamsini kabla ya kukufikia. Hata ikiwa ya kwake kweli, inaeleza ya zamani. Aliyeambukizwa mwezi huu, kipimo cha kingamwili kinaweza kumpa mstari mmoja vilevile. Ndiyo maana tunarudia baada ya miezi mitatu.

Mwombe mtu tarehe badala ya picha. Anza na ya kwako, "mimi nilipima mwezi wa tano, wewe mara ya mwisho ilikuwa lini?" Hakuna anayetukanwa na swali hilo, na jinsi anavyolijibu itakufundisha zaidi ya picha zake zote. Anayefoka, umeokoa nauli. Anayesema hajawahi, usimfukuze mtu kwa ukweli, nendeni wote. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2019 kujipima mwenyewe kumeruhusiwa, na vile vya kupitisha kijiti kwenye fizi mnasubiri dakika ishirini tu. Kaeni sehemu yenye watu na chai, kila mmoja na chake mezani, simu zimefunikwa. Mstari wa pili ukitokea, hilo si jibu bado, ni sababu ya kwenda kituo cha afya kuhakikisha. Kondomu mpaka kipimo cha pili. Akiwa anaishi na virusi, muulize kipimo chake cha mwisho cha wingi wa virusi, na wewe uliza kituoni kuhusu dawa kinga, ile anayotumia asiye na virusi ili asiambukizwe. Na mambo haya yasemwe kwa mdomo. Usiiandike hali yako ya afya kwenye wasifu wa programu yoyote. Mwaka 2018 programu moja kubwa ya Marekani iligundulika inazipitishia kampuni nyingine mbili taarifa za VVU za watumiaji wake.

Hayo ni ya wote. Ya kwako wewe yako kwenye ile sentensi uliyoitundika mwishoni, "kama hiyo inasaidia".

Inasaidia, binti yangu. Ndiyo barua yenyewe. Dada yako hakufa kwa VVU, kwa unavyosema, na wewe umepima VVU mara nne. Hukuandika hata mara moja kwamba umepimwa mlango wa kizazi. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta.

Sijui kama ni wewe uliyemuuguza. Wengi wa huku hupelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na anayeandamana naye kwa kawaida ni mdogo wa kike. Waliouguza saratani hii huniambia kuhusu harufu. Mmoja alinisimulia kwamba walikuwa wanapulizia chumba manukato ya maua, na leo mtu akipita amejipaka manukato yale anakimbilia nje kutapika. Mtu aliyekaa kwenye chumba kile, mbwa wake halali tena. Kikohozi, mfupa, harufu, vyote ni mwizi. Na ni rahisi zaidi abweke getini kwa wanaume wa Tunduma kuliko kuingia uvunguni ambako wewe mwenyewe hutaki kutazama.

Saratani hii karibu yote inatokana na kirusi cha HPV, ambacho kinapatikana kwa kujamiiana, na wengi wetu tuliowahi kulala na mtu tumekutana nacho wakati fulani. Mara nyingi mwili unakifuta wenyewe ndani ya miaka miwili. Kikikaa, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri huchukua miaka kama 15 hadi 20 kufikia saratani. Elewa maana yake: kama kipo, ulikipata zamani, pengine kwenye ndoa yako, na hakuna mwanaume wa kumfungia leo atakayekitoa. Lakini pia maana yake muda upo, kwa sababu yale mabadiliko ya mwanzo yanaonekana na yanatibika kabla hayajawa saratani. Mabinti wa miaka 14 walianza kuchanjwa nchi nzima mwaka 2018. Sisi treni lilishatupita, tumebaki na kuchunguzwa. Wewe una miaka 36, na huduma imelengwa kwa wanawake wa 30 hadi 50. Mhudumu anapaka siki kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kidogo, anatazama kama pana panapogeuka peupe. Ni dakika chache. Inakera, haiumi sana. Wakiona panapotia shaka wanaweza kupachoma kwa joto, mara nyingine siku hiyohiyo, ukapanda bajaji kurudi Mwanjelwa.

Nenda wiki hii, kabla ya kufungua Badoo tena. Chukua mtu wa kukusindikiza, siyo kwa sababu ya kipimo, kwa sababu ya dada: pale kitandani atakujia. Lia. Wahudumu wameshazoea. Na kipimo cha tano cha VVU usiende, mpaka uwe na sababu ya kwenda. Ukiona umeshindwa kujizuia, au usingizi umekatika na duka hulifungui, hapo nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda uombe kumwona mtu wa afya ya akili, useme ulivyoniandikia mimi.

Wale kumi waache walivyo, huwadai, hawakudai. Wa Mafinga ni tofauti kidogo, maana huyo alishakata tiketi. Mfungulie. Usimwandikie samahani ya kurasa tatu wala usimweleze habari zako zote za msiba kwenye meseji. Mafinga mwezi wa sita, baridi ile na vumbi la mbao, nani hakohoi? Lakini muulize kikohozi kina wiki ngapi. Kikiwa kimefika wiki mbili, mwambie akapime makohozi kituo kilicho karibu naye, ni bure, na kifua kikuu kinatibika. Kikiwa kimekwisha, muulize basi analopanda linaingia Mbeya saa ngapi.